Gari ya zamani inaingiza maji kwa sababu ya kutu: anza na dalili, siliko baadae

Masika ikianza tu malalamiko ni yaleyale kila mwaka. Gari inanuka uvundo, vioo vinashika ukungu asubuhi mpaka ufute na kitambaa ndo uone njia, ukikanyaga kapeti ya mbele inatoa maji kama sponji ya kuoshea vyombo. Na jibu la gereji nyingi nalo ni lilelile, "bosi hapa tunapiga siliko tu, inaisha". Corolla 110 yangu ya mwaka 96 imepigwa siliko (ile gundi laini ya kuzibia nyufa) mara 3 na mafundi 3 tofauti, na mara zote 3 mvua ya kwanza ilipita vizuri, ya pili vizuri, ya tatu nakuta viatu vya mtoto chini ya siti vimelowa chapachapa.

Shida ni kwamba siliko haishiki kwenye kutu. Inashika ile kutu ya juu, halafu kutu inabanduka na siliko yake, maji yanapita katikati, na sasa hayana pa kutokea kwahiyo yanakaa humohumo yanakula bati kutokea chini ambako huoni. Na ile siliko ya bei rahisi inayonuka siki, ile harufu ni asidi yenyewe, ikikaa juu ya bati lililo wazi inaleta kutu. Yaani umelipa hela ili kutu iongezeke.

Kwa sisi wa pwani kutu ni ya hewani, chumvi ya bahari inakaa kwenye kila maungio ya bati. Ila zipo pia gari zinazokuja na kutu yao tayari kutoka Japani, huko kwenye theluji kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kwahiyo unanunua gari juu inang'aa kumbe chini imeshaliwa.

Kwanza jua ni maji gani

Usifungue kitu chochote kabla ya hapa. Chovya kidole kwenye yale maji uangalie na unuse, usionje.

Kama ni masafi, ya baridi, na yanatokea siku za jua ukiwa umewasha AC, hiyo siyo kutu. Ni mrija wa AC wa kutolea maji umeziba. Kwenye gari zetu hizi za usukani kulia mara nyingi uko upande wa abiria, mrija mfupi wa raba unaotokea kwenye lile bati linalotenganisha injini na ndani. Unaziba kwa vumbi na majani, au mdudu amejijengea nyumba ya udongo humo. Zibua taratibu na waya laini, maji yakimwagika chini umemaliza, hela ya fundi kanunulie kitu kingine.

Kama yanateleza mkononi, yana rangi ya kijani au nyekundu, yananukia utamu utamu na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafuta mafuta, hiyo ni kulanti (yale maji yenye dawa ya kupoza injini) kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita ndani ya dashibodi. Ni sumu, weka mbali watoto na wanyama. Tatizo wengi wetu tunajazia maji ya bomba matupu kwahiyo hakuna rangi wala harufu, hapo cha kuangalia ni kile kichupa cha akiba cha maji ya rejeta, kama kila baada ya siku mbili kimeshuka na chini ya gari pakavu, basi maji yanaingia ndani ya gari au ndani ya injini. Acha kuendesha, nenda kwa fundi.

Kama yana rangi ya kahawia, yana mchangamchanga au vumbi la kutu, na yanakuja na mvua au madimbwi, endelea kusoma.

Sasa jiulize yanakuja lini, hili swali moja linapunguza nusu ya kazi. Gari imesimama nyumbani, imenyeshewa usiku, asubuhi ndani kumelowa: tundu liko juu, yaani paa, vioo, chini ya wipa, milango au taa za nyuma. Gari imenyeshewa haina shida ila ukipita dimbwi ndo panalowa: tundu liko chini, sakafuni au kwenye matao ya magurudumu. Ukikata kona au ukipiga breki ndo maji yanamwagika: yamejikusanya mahali juu, kwenye paa au nyuma ya dashibodi, yanasubiri tu uyatingishe.

Namna ya kulisaka tundu

Maji yanaingia hapa yanatokea kule. Yanashuka na bati, yanafuata waya, yanadondokea mita nzima kutoka yalikoingilia, ndo maana ukiziba pale unapoona tone unakuwa umeziba pa kutokea tu.

Toa kapeti, toa na sponji ya chini yake, kausha bati lote na taulo. Mwagia poda ya mtoto kwenye maungio, kwenye kingo za vioo kwa ndani, kwenye ile kona ya ndani ya boneti na dashibodi, tone likipita linaacha mstari unaoonekana kabisa. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na hozi. Maji yawe ya kutiririka, siyo presha, mashine ya presha inasukuma maji hata kwenye gari mpya kwahiyo itakudanganya. Anzia chini panda juu, dakika 5 mpaka 10 kila sehemu, usiruke. Ukianzia paani maji yatashukia kote na hutajua ni wapi. Najua inachosha, mimi nilimaliza mchana mzima wa jumapili na mtoto wa jirani ndani ya gari anapiga kelele "hamna... hamna... hamna... imeingia imeingia!", lakini mchana huo mmoja ndo ulifanya kazi kuliko siliko zote tatu.

Kama bado hulioni, funga vioo vyote, washa feni mpaka mwisho ikiwa inavuta hewa ya nje, halafu paka maji ya sabuni kwa nje kwenye kingo za kioo na raba za milango. Panapotoa mapovu hewa inapita, na maji yatapita.

Dalili: maji yanashuka kwenye pembe za dashibodi, nguzo za kioo cha mbele zimelowa

Hii ndo niliyokuwa nayo mimi na ndo inayosumbua zaidi.

Sababu ya kwanza ni gundi au raba ya kioo imezeeka. Gari kama Land Rover na Hiace za zamani kioo kimekaa kwenye raba, raba inakauka jua linaipasua, maji yanaingia chini yake na kulala humo. Gari nyingi za baadae kioo kimegandishwa na gundi. Sababu ya pili ni fremu yenyewe imeliwa na kutu chini ya hiyo gundi, na hapa chanzo mara nyingi ni fundi aliyebadilisha kioo. Yangu ilikuwa hivyo. Kioo kilipigwa jiwe miaka ya nyuma, aliyebadilisha alikata gundi ya zamani na kisu akachuna rangi mpaka bati, hakupaka kitu chochote akabandika kioo kipya juu. Kutu ikaanzia kwenye ule mchubuko ikatembea chini ya gundi taratibu. Sababu ya tatu, ya nadra kidogo, ni maungio ya bati kwenye pembe za chini za kioo yameachia.

Ukaguzi rahisi: pitisha kidole pembeni ya kioo kwa nje, rangi ikiwa na malengelenge ujue chini pameoza. Angalia kama kuna mistari ya kahawia inayotiririkia kwenye boneti baada ya mvua. Toa plastiki ya kufunika nguzo kwa ndani umulike na tochi, kama gari yako ina eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea) kwenye nguzo hizo achana na hiyo plastiki.

Kwa raba iliyozeeka tu, badilisha raba. Kwa fremu yenye kutu hakuna njia ya mkato, kioo kinatoka. Na mwambie fundi kabisa kabla hajaanza kwamba gari inaweza kulala, maana akitoa kioo akikuta kutu halafu una haraka, atapaka gundi juu ya kutu hiyohiyo na wewe utamshukuru mpaka masika ijayo.

Kioo kikishatoka, gundi yote ya sehemu yenye kutu inakwanguliwa, brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae. Chukua bisibisi uchokonoe kila penye doa jeusi. Bisibisi ikigota ni vishimo tu: paka dawa ya kubadili kutu, isubiri ikauke kama maelezo ya kopo yanavyosema, praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushika bati), halafu rangi, iache ikauke vizuri. Bisibisi ikizama ni tundu, na tundu linakatwa mpaka kwenye bati zima halafu linachomelewa kipande kipya. Fila, ule udongo wa kusawazishia bati, hapana. Fila inanyonya maji, inakaa na unyevu ndani inalisha kutu, nje umepaka rangi nzuri unajisifia, mwaka mmoja tu inadondoka yenyewe kama plasta ya ukuta. Faiba nayo, kile kitambaa cha nyuzi cha kubandika na gundi, bila kutoa kutu kwanza ni hadithi hiyohiyo.

Kioo kinarudi kwa gundi yenyewe ya vioo vya magari, ile nyeusi ya polyurethane pamoja na praima yake, siyo siliko. Gari ikae bila kuendeshwa muda ulioandikwa kwenye gundi, na siku hiyo acha vioo vya milango wazi kidogo, ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa vimefungwa hewa inasukuma kioo cha mbele kutoka ndani na gundi bado mbichi.

Simama hapa: kutoa kioo mwenyewe sikushauri, kinapasuka kwa kitu kidogo sana. Na kama gari ina eabegi ya abiria, kwenye gari nyingi ile eabegi ikifumuka inaegemea kioo cha mbele, kioo kikiwa kimeshikwa na siliko juu ya kutu kinang'oka na abiria hana kinga. Kutu ikiwa imeingia kwenye nguzo yenyewe inayoshika paa, hiyo ni kazi ya fundi bodi mzoefu.

Dalili: sakafu ya mbele imelowa, hasa upande wa abiria

Ukishaondoa AC na hita kwenye orodha, mtuhumiwa wa kwanza ni lile karai lililo chini ya wipa, lililofunikwa na plastiki jeusi. Maji yote ya kioo cha mbele yanashukia humo halafu yanatoka kwa vitundu vya pembeni nyuma ya fenda. Ukiwa mtu wa kupaki chini ya mwembe au mwarobaini majani yanajaa, yanaoza, yanakuwa kama mboji, maji yanapanda mpaka yanavuka ile shingo ya kuingizia hewa ya feni na kumwagikia kwenye miguu ya abiria. Hapo hata kutu haijaanza. Ila hiyo mboji ikikaa muda mrefu na unyevu wake, bati la karai linatoboka, hasa kwenye pembe na kuzunguka hiyo shingo.

Toa wipa, toa plastiki, chota majani yote kwa mkono (angalia nge, sikutanii). Mwaga lita moja ya maji taratibu upande mmoja wa karai uone yanatokea wapi, yanatakiwa yatoke nyuma ya gurudumu la mbele kwa mkondo. Yakitoka kwa tonetone, zibua. Yakiingia ndani, kausha umulike, safisha kutu, dawa, praima, halafu ile gundi nzito ya maungio ya bodi juu yake na rangi. Tundu dogo kwenye karai ukishasafisha mpaka bati zima unaweza kuliziba na kipande cha bati na hiyo gundi ya maungio, maana karai ni la maji tu. Likiwa kubwa, au limefika pale mashoki yanapofungwa, acha, hiyo ni kazi ya fundi bodi.

Kinachofuata ni zile raba zinazopitisha waya na kebo kutoka kwenye injini kuja ndani, raba imekatika au bati linaloizunguka limeliwa. Hii inalowesha zaidi upande wa dereva. Angalia sana, kwenye gari nyingi boksi la fyuzi liko hapohapo pembeni ya mguu wa dereva. Ukikuta fyuzi zina ukungu wa kijani, au taa zinawaka zenyewe, vioo vinashuka vyenyewe, toa waya hasi wa betri kwanza halafu mpigie fundi umeme, mambo ya kujaribu jaribu na bisibisi kwenye boksi lenye maji ndo yanachoma magari.

Wenye Land Rover Defender nyie mna yenu. Bodi kubwa ni aluminiamu haishiki kutu, ila ule ukuta wa mbele unaobeba kioo na dashibodi ni chuma, unaliwa kwenye pembe za juu karibu na kioo na chini kwenye miguu. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi inageuka unga mweupe, usidhani ni chokaa. Ukuta ule ndo unashikilia bawaba za milango, ukioza mguuni unachomelewa vipande, ukioza juu na chini ni bora ukuta mzima ubadilishwe.

Dalili: unasikia maji yanacheza ndani ya mlango

Chubwi chubwi ukikata kona. Watu wanashangaa kwamba maji yanaingia ndani ya mlango, lakini yanaruhusiwa kuingia, yanapita kwenye raba ya kioo na kutoka kwa vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango. Vitundu vikiziba kwa vumbi maji yanajaa na chini ya mlango panaoza kutokea ndani, ukiona rangi imevimba chini ya mlango kwa nje ujue ndani pameshakwisha.

Zibua kwa waya, mlango mmoja dakika mbili. Usiwahi kuvipaka siliko, nimeona gari ya mtu amevipaka vyote vinne "ili maji yasiingie", akawa anatembea na matangi manne.

Mlango ukiwa hauna maji ila kapeti ya pembeni inalowa, angalia lile karatasi la nailoni lililobandikwa nyuma ya mbao ya mlango. Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango yashuke kwenye vitundu. Fundi wa kufunga spika au wa kutengeneza vioo analichana anatupa, anasema ni takataka. Kata nailoni nzito, bandika na gundi inayofaa, ncha ya chini iingie ndani ya mlango siyo kuning'inia nje.

Dalili: panalowa ukipita kwenye madimbwi tu

Hapa usipoteze muda na vioo. Inyanyue gari, na ninaposema inyanyue namaanisha jeki halafu stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, na kwa gari yenye kutu angalia hata hapo unapoweka jeki, jeki inaweza kuzama kwenye bati kama kidole kwenye mkate.

Kwanza kagua vile vizibo vya raba vya sakafuni, vinadondoka au bati linalovizunguka limeliwa, kizibo kinacheza. Pili ni sakafu yenyewe chini ya miguu, ambayo mara nyingi haikuozea nje, iliozea ndani, kwa maji ya dalili za hapo juu yaliyokaa chini ya kapeti miaka. Tatu ni maungio ya matao ya magurudumu ya nyuma, tope linarushwa na tairi linakula gundi ya maungio mpaka unaona mwanga ukiwa umekaa kwenye buti. Gonga gonga na mpini wa bisibisi, bati zima linalia, lililooza linasema dufu.

Kizibo nunua kipya, safisha kutu ya pembeni, praima, rangi, rudisha. Tundu la sakafu linakatwa na kuchomelewa, na tafuta mwenye welding ya CO2 (ile ya waya na gesi), maana bati la sakafu ni jembamba na mashine ya fimbo za kawaida inalitoboa mengine mapya. Kuna wazee wanapaka oili chafu chini ya gari nzima, ni kweli inazuia kutu kwa kiasi, ila inakula raba za bushi na inachuruzika chini unapopaki, mimi nilishaacha, napaka rangi ya lami ya chini ya gari juu ya bati lililosafishwa. Ukiipaka juu ya kutu ni siliko nyingine hiyo.

Simama hapa, na hapa sina masihara: chini ya sakafu zinapita paipu za breki na za mafuta. Huyo mchomeleaji ajue ziko wapi kabla hajawasha moto, betri itolewe, sponji na kapeti zitoke, mtu asimame na zimamoto. Ukiona waya au soketi za rangi ya njano chini ya siti ni za eabegi, usizichomoe wala kuzipima. Na kutu ikiwa kwenye zile boksi za chini ya milango, kwenye miguu ya siti, pale mkanda wa kiti unapofungwa, au paipu ya breki yenyewe imevimba kwa kutu, gari isitembee mpaka fundi aione.

Dalili: maji kwenye shimo la spea tairi

Watu wengi hawafungui hapa mpaka siku ya pancha, wanakuta ringi inaogelea.

Sababu kubwa ni sponji za taa za nyuma. Fungua taa (skrubu chache tu kwa ndani), kama sponji imekuwa ngumu kama biskuti badilisha, na kabla hujarudisha angalia bati linalozunguka, kutu ikianza hapo sponji mpya haitakaa sawa. Halafu ule mfereji unaozunguka mlango wa buti chini ya raba, vuta raba uangalie, kutu inajificha humo. Halafu pembe za chini za kioo cha nyuma, halafu shina la antena kwa zenye antena ya nyuma. Kuna na vile vidirisha vya kutolea hewa vilivyojificha nyuma ya bampa, raba zake zikioza maji ya tairi yanapita.

Kulipata tundu la buti, mtu aingie ndani na tochi, umfungie dakika chache, mwagia maji. Awe mtu mzima anayekubali na funguo iwe mkononi mwako.

Fundi mmoja alitaka anitobolee shimo kwa msumari chini ya spea "maji yatoke bosi". Nilikataa. Tangi la mafuta liko karibu sana na hapo, na shimo lisilopakwa rangi ni kutu mpya, tena maji ya madimbwi yatapandia hapohapo. Kile kizibo cha raba kilichopo tayari, ukikitoa kinatosha kutolea maji wakati unatafuta tundu.

Dalili: tone linadondoka kutoka paani

Gari zenye keria ya kubebea mizigo juu, iliyofungwa na skrubu, toa skrubu moja moja uangalie, kutu inaanzia kwenye tundu la skrubu. Gari za dirisha la juu mara nyingi siyo kutu, ni mirija ya pembeni imeziba, mwaga maji kidogo kwenye pembe uone kama yanatoka chini. Hiace na Land Cruiser za zamani zenye ule mfereji wa pembeni mwa paa, gundi ya mfereji inapasuka, kutu inatembea chini yake, kitambaa cha paa kinapata doa la chai. Kwangua gundi yote iliyopasuka, siyo kupaka mpya juu, safisha, praima, gundi ya maungio, rangi. Paa lililotoboka katikati lipeleke kwa fundi bodi, moto kidogo tu na bati lote linajikunja.

Dalili: maji yanadondoka chini ya injini, ya kahawia

Hii ni kutu ya ndani ya injini, na tunaitengeneza wenyewe kwa kujazia maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti. Anza na mipira na klempu zake, halafu rejeta, halafu pampu ya maji, ina kitundu kidogo chini ya shingo yake, kikitoa maji pampu inakufa. Baada ya hapo yale mabomba ya chuma yanayopita nyuma ya injini, yanaliwa mpaka yanakuwa kama karatasi, na mwisho ni vile vizibo vya bati vilivyopigwa kwenye bloku. Kizibo chenyewe ni hela ndogo ila vingine viko nyuma, kukifikia ni kushusha giaboksi, kwahiyo hiyo ni ya gereji. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, na mshale wa joto ukipanda zima gari palepale hata kama nyumbani unapaona.

Kurudisha kapeti

Usirudishe siku hiyohiyo. Kapeti juu inakauka kwa jua la nusu siku ila ile sponji ya chini inashika maji siku nyingi, ikamue kwa mikono, ianike mpaka ukiibana haitoi hata jasho, ikishanuka ukungu sana itupe. Mimi niliendesha wiki 2 bila kapeti, kelele za barabara zote ndani, wife analalamika anasema tumepanda trekta, mpaka ikanyesha ile ya usiku kucha. Asubuhi nikapitisha kiganja kila kona, chini ya dashibodi, kwenye pembe za nguzo, nyuma ya pedeli, poda ya mtoto bado iko vilevile nyeupe haina hata mstari. Ndo nikaenda kuleta kapeti.